Komeo la Upande wa Barabara

Yule fundi wa kuchomelea alikuwa na mdomo, tusifichane. Asubuhi ile aliwasema mpaka waliokwisha kufa, wale waliotengeneza lango la ile nyumba kongwe. Lango lenyewe, jamani, kazi ya mikono hasa: maua na majani ya chuma tupu, limeshikwa na ukuta mnene wa matofali ya kuchoma. Ila komeo walilitia upande wa barabarani.

"Hawa walikuwa wanafunga nyumba au zizi?" alimuuliza mdogo wake wa kike, aliyehamia hapo juzi na mwanawe mchanga.

"Kaka, punguza maneno. Lihamishie ndani nipate kulala kwa amani."

Akalikata, akalichomelea kwa ndani. Saa sita akaenda kutafuta rangi.

Aliporudi alimkuta mdogo wake nje ya lango, amefura kwa hasira.

"Yaani unanifungia nje na mtoto yuko ndani? Nimetoka mara moja tu, kununua chumvi!"

"Nimfungie nani? Si nilikuacha humo ndani?"

Wakatazamana. Kisha wakalitazama komeo. Lilikuwa limesukumwa mpaka mwisho, na nyumba haikuwa na mtu mwingine.

Fundi akapenyeza mkono kati ya maua ya chuma, akalivuta. Likasogea. Likarudishwa kwa nguvu, likambana vidole. Uani hapakuwa na mtu. Jua tu.

"Nani huyo?" mdogo wake akanong'ona.

Ndani mtoto akalia. Ghafla akanyamaza, kama aliyezibwa mdomo.

Hapo mama akapiga yowe. Fundi akaparamia ukuta, matofali yakamchuna magoti. Akaruka. Mlango wazi. Chumba kitupu. Mtoto yuko kitandani, macho makavu, anatazama dari. Kwenye kifundo cha mguu ana alama za vidole vinne, za kutu.

Alipomtoa, komeo lilifunguka bila ubishi.

Hawakurudi hata kuchukua godoro. Fundi peke yake alirudi kesho yake, akalichomelea komeo nje, mahali pake.

Ile kutu haikutoka kwa sabuni wala kwa dawa ya hospitali. Mtoto sasa ana miaka minne, mtundu, anacheka ovyo. Mwaka wa kwanza alama ilikuwa kifundoni. Wa pili, gotini. Wa tatu, kiunoni. Wiki iliyopita mama yake alimvua shati amwogeshe, akakuta kidole kimoja kimeshafika kooni.