Yupi Kati Yao Ni Sanh?

Lori la Mzee Quoi lilikuwa limeshaanza kuondoka. Kitanda, feni, viti na kuku wawili ndani ya tenga, vyote vilikuwa juu. Mwenyewe alikaa mbele na dereva, kofia mapajani. Alikuwa anahamia Saigon kwa bintiye. Tangu ujana wake alikuwa na studio ya picha hapo mjini Sa Dec, na sasa nyumba ilikuwa imeuzwa.

Thoa alisimama mlangoni pake, upawa mkononi. Aliuza supu ya tambi kila asubuhi, na Mzee Quoi ndiye alikuwa jirani yake na mteja wake wa kwanza.

"Nani sasa ataniambia supu haina chumvi?" Thoa alimpigia kelele.

"Haina kweli!" mzee akajibu. Mara akapiga mlango wa lori kwa kiganja. "Simama! Dereva, simama kidogo!"

Akateremsha bati la biskuti dirishani. Lilikuwa na kutu pembeni.

"Chukua, mwanangu. Ni picha za askari, za wakati wa vita. Waliniletea filamu nizisafishe, hawakurudi tena. Kuzichoma niliogopa. Kuzionyesha niliogopa zaidi. Baba yako alikuwa akija dukani na wenzake."

Thoa akalipokea. "Yumo humu?"

"Ningejua si ningekwambia siku nyingi? Nilisafisha nyuso za watu kama wewe unavyoosha bakuli. Unakumbuka nani alikula kwa bakuli lipi?"

Lori likakata kona. Thoa akabaki na bati kifuani, supu ikichemka peke yake.

Baba yake, Sanh, alikuwa mpiga bunduki wa mlangoni katika helikopta za jeshi la Kusini, Kusini ilipopigana na Kaskazini. Thoa alikuwa na miaka miwili helikopta ilipoanguka. Mwili haukuonekana. Kusini iliposhindwa, kukaa na picha ya askari wake kulikuwa hatari. Mama yake Thoa, Bibi Cuc, alizitia picha zote za mumewe katika jiko la kuni. Majirani wengi walifanya hivyo hivyo.

Kila nyumba pale mtaani ilikuwa na meza ya wazee waliotangulia, na juu ya meza picha zao. Kwa Bibi Cuc kulikuwa na fremu yenye karatasi nyekundu, na juu ya karatasi jina tu. Kila mwaka, siku ya kumkumbuka Sanh, walipika wali na samaki wa chunguni, wakawasha udi, wakaikaribisha karatasi.

Sasa Bibi Cuc alikuwa amezeeka, na presha ya macho ilikuwa imemla sehemu kubwa ya kuona. Thoa alitaka kitu kimoja: baba awe na uso pale mezani kabla mama hajaondoka duniani.

Akamwaga picha zote mkekani. Akazichanganya, akazigeuza, akazipanga upya. Nyingine zilikuwa zimegandana kwa unyevu. Mbili alizivuta kwa nguvu zikachanika, na nyuso za vijana watatu zikatoka kama ganda la yai. Akauma mdomo. Akaendelea.

Ndipo akamwona. Kijana mwembamba ameegemea helikopta, masikio yamesimama, kidevu kimechongoka. Masikio ya mwanawe mwenyewe! Kidevu chake mwenyewe!

"Mama! Mama, si ndiye huyu?"

Bibi Cuc aliisogeza picha mpaka ikagusa pua.

"Ndiye," akasema. "Ndiye, mwanangu."

Walilia wote wawili. Kesho yake Thoa akanunua fremu mpya, akabeba na bati, akaenda kwa Kieu, mwanamke anayekuza picha za marehemu sokoni. Kieu alikuwa mnene, mwenye sauti ya kuita kivuko. Alikuwa anakula embe bichi kwa chumvi.

"Nikuzie hii, dada. Siku ya kumkumbuka baba imekaribia."

Kieu alipangusa mikono kwanza, kisha akaishika picha kwa kingo. "Nani amemtambua?"

"Mama."

"Alimtambuaje?"

"Nilimwambia, Mama, si ndiye huyu? Akasema ndiye."

Kieu akacheka mpaka embe likampalia. "Mdogo wangu, wewe hukumuuliza. Umemjibia! Mtu mwenye kiu ukimwonyesha bilauri, atakwambia kuna maji."

"Unamwita mama yangu mwongo?"

"Namwita mke aliyengoja. Kaa hapo. Tusije tukamkaribisha mezani mume wa mtu mwingine."

Thoa alikaa kwa hasira. Kieu akamimina picha zote juu ya kitambaa safi.

"Nani amezichana hizi?"

Thoa akaficha mikono mgongoni.

"Basi sikiliza, usirudie. Picha iliyogandana haivutwi. Nitaziloweka hizi nyingine mimi mwenyewe katika maji safi ya baridi, ziachane zenyewe. Ukiwa nyumbani huna uzoefu, usijaribu, mpelekee mwenye kazi yake. Shika picha kwa kingo, jasho la vidole linaila. Kalamu ya wino usiitumie mgongoni, wino unapenya mpaka usoni. Tumia penseli, kwa mkono mwepesi, au andika kwenye bahasha."

"Na baba yangu?"

"Uso unakuja mwisho. Uso unadanganya, hasa kwa anayeutamani. Anza na vitu visivyotamaniwa na mtu. Tazama." Akampa kioo cha kukuzia. "Mkia wa helikopta una nini?"

"Namba."

"Na mlango?"

"Wamechora ndege. Yangeyange mweupe."

"Haya, tafuta picha nyingine zenye namba hiyo na yangeyange huyo."

Thoa akatafuta. Akapata moja, akapata nyingine. Kidogo kidogo rundo likatokea. Kieu akalinganisha kingo za karatasi. Zote zilikuwa zimekatwa namna moja.

"Hizi zilitoka filamu moja. Zilizaliwa pamoja, wewe ukazitawanya mkekani. Picha ya pekee haisemi, lakini picha za kundi moja zinasaidiana kusema. Nitapiga nakala, tutumie nakala. Hizi zenyewe zipumzike."

"Hata hivyo, kifuani kwa huyu mwenye masikio kuna jina," Thoa akasema. "Halisomeki vizuri."

"Hata lingesomeka. Wanajeshi wanaazimana mashati. Na kila kijana alipenda kupigwa picha kando ya helikopta, hata mpishi. Sasa nenda nyumbani. Mwonyeshe mama picha nyingine, za watu wengine, siku tofauti. Muulize tu, huyu nani? Funga mdomo."

Thoa alimwonyesha mama picha ya kijana mfupi mwenye mashavu. "Huyu nani, Mama?"

"Baba yako," akasema Bibi Cuc.

Siku nyingine akamwonyesha mwenye miwani.

"Baba yako."

Akamwonyesha wa tatu, mtu wa makamo mwenye upara. Mama akaipapasa karatasi kwa kidole gumba. "Ndiye. Ni Sanh."

Thoa alishindwa kujizuia. "Mama, hawa ni watu watatu!"

Bibi Cuc aliiweka picha chini taratibu.

"Sioni, Thoa. Naona ukungu na kitu cheusi katikati. Lakini miaka yote hii nawasha udi kwa ajili ya karatasi. Nimechoka kuongea na karatasi. Nipe yeyote, mwanangu. Nipe yeyote, nitampenda."

Thoa alimkumbatia. Alitamani sana kumchukua yule mwenye masikio, akuzwe, mambo yaishe. Nani angejua? Usiku ule alimwambia mumewe hivyo. Mumewe akafikiri, akasema, "Yeye hangejua. Wewe ungejua, kila ukipiga magoti."

Asubuhi alirudi kwa Kieu.

"Nina mteja huko Lap Vo," Kieu akasema. "Mjomba Liem, mfuga bata. Alikuwa fundi wa helikopta kwenye uwanja wa ndege wa Can Tho. Mpelekee nakala. Usimtajie jina la baba yako. Usimwambie unamtafuta nani. Muulize tu anaona nini."

"Na asipomtaja?"

"Utarudi na fremu tupu. Ni afadhali."

Mjomba Liem alikuwa amesimama katikati ya bata mia wakimpigia makelele. Alivaa miwani, akachukua nakala ya kwanza.

"Unaona nini, mjomba?"

"Naona mkia. Boliti za mkia huu nilizikaza mimi. Na huyu yangeyange alimchora mtu asiyejua kuchora, tukamwita bata." Akacheka. Akageuza picha ya kijana mwenye masikio. "Ha! Dat! Mwizi wa sigara!"

Thoa akamsogelea. "Alikufa lini?"

"Afe nani? Yuko Ca Mau, anafuga kamba bwawani. Mwaka mpya alinipigia simu kunitambia wajukuu."

Thoa alikaa chini palepale, kwenye mavi ya bata. Alikuwa amebakiza siku chache kumwashia udi mtu aliye hai! Kwao hakuna mkosi mkubwa kuliko huo.

Liem akaendelea. Mwenye mashavu alikuwa rubani. Mwenye miwani alikuwa mpishi, ndiyo, mpishi! Mwenye upara hakumjua. Thoa alishika ulimi kwa meno. Jina la baba lilikuwa limemjaa kinywani. Zilibaki nakala mbili, kisha moja.

Ilikuwa ya mtu aliyekaa mlangoni mwa helikopta, miguu inaning'inia. Alikuwa amegeuka upande, anamcheka mtu asiyeonekana. Nusu tu ya uso ilionekana. Thoa alishaipita picha ile mara nyingi bila kusimama.

"Huyu ni Sanh wa Sa Dec," Liem akasema. "Alikuwa na kitoto cha kike. Alikitaja kitoto hicho asubuhi, jioni, mpaka tukamwomba anyamaze tule. Binti, mbona unalia?"

Thoa alirudi mbio kwa Kieu. Kieu akamsikiliza mpaka mwisho, machozi yakamtoka naye, lakini akatikisa kichwa.

"Shahidi mmoja. Tafuta wa pili, na wa kwanza asimwambie kitu kabla."

Basi Thoa alipanda gari la Ca Mau. Mjomba Dat, masikio yamesimama vilevile, nywele zimekwisha, alitazama nakala ile bila kuambiwa neno. "Sanh wa Sa Dec," akasema. "Anamcheka nani hapo? Ananicheka mimi. Nilikuwa nimeteleza kwenye tope." Alipoelezwa habari ya fremu, aliangua kicheko. "Ulitaka kunilisha wali wa wafu, binti? Nakuja kuula mzima mzima!"

Siku ya kumkumbuka Sanh, Dat alifika kweli. Bibi Cuc akampapasa uso, masikio, kidevu.

"Kumbe ni wewe niliyekulilia."

"Asante, shemeji. Hakuna mwanamke mwingine aliyewahi kunililia."

Kieu alileta picha iliyokuzwa. Wateja wengine humtaka achore upande wa uso usioonekana. Yeye alikataa kuongeza hata unyusi. Thoa aliitoa karatasi nyekundu, akaweka picha.

"Anatazama wapi?" Bibi Cuc akauliza.

"Kando, Mama. Anacheka."

"Hanitazami?"

"Hakutazami. Lakini ni yeye."

Bibi Cuc alipapasa kingo za fremu. Kisha akaomba kiberiti, akawasha udi mwenyewe.

Bibi Cuc alifariki mwaka wa tatu baada ya hapo, na picha yake iko kulia kwa Sanh. Mjomba Liem alitangulia kidogo. Dat bado anafuga kamba, na huja kila mwaka. Mzee Quoi alifia Saigon. Thoa aliwahi kumpelekea habari. Mumewe Thoa alijifunza kupiga nakala. Familia tano zilikuja kwa Kieu zikawakuta watu wao katika bati lile. Waliobaki wako kwenye bahasha, zimeandikwa kwa penseli namba za helikopta zao. Wale watatu waliochanika hawajatambuliwa.