Pumzi ya Nne

Taa ilikuwa nyekundu na moto haujawashwa. Lusungu alisimama na kuni mkononi, akaikodolea macho taa ya ile mashine ya kupima hewa waliyoitundika watu wa mradi wa majiko ukutani kwake. Walimwambia kijani ni hewa safi, nyekundu ni moshi. Moshi gani sasa, na mafiga yalikuwa baridi? Lakini palinuka, tena palinuka wali ulioungua.

"Imeharibika hiyo," alisema Dickson, mumewe, akavaa viatu akaenda zake shambani kwenye kakao.

Alipotoka tu, taa ikarudi kijani. Lusungu akashukuru, masikini ya Mungu, wala hakushtuka. Ashtuke nini? Huyu ndiye mwanaume ambaye yeye Lusungu alimuuguza kifua mwaka mzima, akimgeuza kitandani, akimlisha uji kwa kijiko, mpaka ndugu wa ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Malawi, walipomchukua na kumrudisha mzima, anabeba magunia ya mpunga. Kijiji kizima cha Bujonde kikasema Mungu si Athumani. Mtoto alipozaliwa wakamwita Asifiwe.

Sasa Asifiwe alikuwa hapumui vizuri. Hospitali walimwekea oksijeni akapata nafuu. Akirudi nyumbani, anazidiwa upya.

Mchana mmoja wa mvua, Dickson akiwa amelala mkekani na mtoto kando yake, taa ikawa nyekundu, na Lusungu akasikia pumzi yake mwenyewe, na ya mtoto, nyembamba kama uzi, na ya mumewe, na nyingine tena, ya nne, nzito, yenye majimaji, ikivuta na kuvuta bila kutoa, na harufu ile ya kuungua ikamjaa kooni, na alipoinama akaona kila kifua cha mumewe kilipopanda, kifua cha mtoto kilididimia.

Alimkwapua mwanawe akakimbilia kwa Anyelwisye, shangazi yake Dickson.

"Shangazi, kuna kitu kinapumua kwangu."

"Sema polepole, mwanangu. Kinasikia."

Anyelwisye aliimba kwaya kanisani, lakini mambo ya wazee aliyajua. Mtoto akiugua hivyo, ndugu hukusanyika. Kila mmoja hutaja kinyongo chake, halafu hupiga funda la maji na kuyapuliza chini, kwa sababu hasira iliyofichwa hugeuka pumzi mbaya. Kesho yake wakakaa chini ya ile taa nyekundu. Reubeni, kaka yake Dickson, akataja ugomvi wa mpaka wa shamba la mpunga, akapuliza maji. Anyelwisye akataja lake, akapuliza. Lusungu akasema hana kinyongo na mtu, akapuliza. Taa haikubadilika.

Dickson akapokea kikombe, akapiga funda, akameza.

"Umemeza," shangazi alinong'ona. "Gwe Dickson! Uliahidi nini kule ng'ambo walikokuponya?"

Mdomo wa Dickson ulikuwa umefumbwa, lakini ile pumzi nzito ilisikika ikitoka ndani yake. Reubeni akasogea mpaka mlangoni.

"Waganga walisema linaloponya ni jini," Dickson akajibu. "Linataka pumzi kwa pumzi. Nikakubali ya atakayezaliwa kwangu. Mtoto mwenyewe tulikuwa hatujampata!"

"Sasa si unaye? Tema maji, ulikatae!"

"Nikilikataa, kifua kinanirudia." Akamtazama Lusungu, tena bila haya. "Mke wangu, mtoto tutapata mwingine."

Jamani! Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini hawakusema kinauma hivi. Lusungu alihisi mwaka mzima wa uji na vijiko ukimpanda kooni. Akakinyakua kile kikombe mkononi mwa mumewe.

"Nilisema sina kinyongo. Ninacho. Ni wewe, Dickson. Ulimuuza mwanangu, nami nikaenda kanisani kukushukuria!"

Akapiga funda, akayapuliza maji yote kifuani kwa Dickson.

Harufu ya kuungua ikafumuka nyumba nzima. Kitu kikavuta hewa kwa kishindo, kuta zikatikisika, na Asifiwe akalia, kilio kipana cha mtoto mwenye mapafu yake mwenyewe. Dickson akajikunja chini, kikohozi cha zamani kikamrarua, akanyoosha mkono kushika khanga ya mkewe.

"Lusungu, unaniua!"

"Mimi nilikuuguza," akasema. Akamfunga mtoto mgongoni, akatoka.