Siku Mtaalamu Alipobadilisha Nenosiri

Kila asubuhi, kabla hata ya kupiga mswaki, Mtaalamu alikwenda sebuleni kukagua ruta ya intaneti. Aliziangalia taa zake za kijani kama daktari anavyomwangalia mgonjwa, akatikisa kichwa, akaondoka. Jina hilo alipewa na baba yake siku aliyoponya rimoti ya televisheni kwa kugeuza betri. Tangu hapo, ingawa alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili tu, hakuna kifaa kilichoguswa nyumbani kwao bila yeye kuulizwa.

Asubuhi hiyo alikuwa na jambo moyoni. Jioni iliyopita kaka yake alipakua filamu nne mfululizo, na video ya somo la sayansi ya Mtaalamu ikaganda, mwalimu wa kwenye video akabaki mdomo wazi. Alipomwomba kaka apumzike kidogo, alijibiwa, "Mwenye nguvu mpishe, mdogo wangu."

Basi akaazima simu ya mama, akafungua mipangilio ya ruta, akafuta nenosiri la Wi-Fi na kuandika jipya alilolijua yeye peke yake. Alipohifadhi tu, vifaa vyote vya nyumba ile vikatupwa nje ya mtandao. Akairudisha simu kwenye mkoba wa mama, aliyekuwa akitoka kwenda kazini, kisha naye akashika njia ya shule akipiga mluzi. Kufikia jioni, aliwaza, kaka atakuwa amepiga magoti.

Saa tatu na robo, mwalimu wa hesabu aliandika tarehe ubaoni. Alhamisi.

Mtaalamu alisoma neno hilo mara tatu. Alikuwa na hakika kwamba leo ni Jumatano. Na Alhamisi, saa nne kamili, dada yake mkubwa alikuwa na usaili wa kazi kwa video. Dada alikuwa ametafuta kazi mwaka mzima. Wiki nzima alikuwa akijibu maswali mbele ya kioo, amevaa koti la kuazima, na bando la simu hakununua kwa sababu Wi-Fi ya nyumbani ilitosha.

Kalamu ikamponyoka. Akaiokota, ikaanguka tena.

"Una nini wewe?" jirani yake wa dawati alinong'ona. "Umekalia siafu?"

"Dada yangu ana usaili. Nimemfungia mtandao."

"Kamwambie mwalimu wa zamu apige simu."

"Nimwambie nini? Kwamba nimefanya makusudi?"

Hapo Mtaalamu akaunda mpango wa pili, mbovu kuliko wa kwanza. Akashika tumbo na kuomba ruhusa. Akiugua, alidhani, atarudishwa nyumbani mara moja. Lakini nesi wa shule hakuwa mtu wa haraka. Alimlaza kitandani, akamtia kipimajoto kwapani, akaanza kumuuliza alikula nini jana, juzi na majuzi.

"Nikapumzike nyumbani, nesi?"

"Nyumbani? Utatapika njiani. Tulia hapo."

Atulie vipi? Saa ya ukutani ilisogea bila huruma. Tatu na nusu. Tatu na dakika arobaini. Alijigeuza kushoto, akajigeuza kulia, shuka likamzonga miguu. Ilipofika saa nne kasoro dakika kumi alitupa shuka, akaenda mbio mpaka ofisi ya walimu.

Mwalimu wa zamu, mama mmoja aliyesifika kwa kutocheka, aliinua macho kutoka kwenye madaftari.

"Mwalimu, siumwi," Mtaalamu alisema akihema. "Nimebadilisha pasiwedi nyumbani nimkomoe kaka. Dada ana usaili saa nne na hawezi kuingia. Naomba tumpigie."

Mwalimu hakuuliza zaidi. Akampa simu yake. Dada alipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha.

"Nani? Sina muda, mtandao umekufa, nimeizima na kuiwasha ruta mara nne." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayekaribia kulia.

"Ni mimi, dada. Haijafa. Nimebadilisha nenosiri. Andika hivi." Walimu sita walikuwa wameacha kusahihisha. Mtaalamu akaugeukia ukuta. "Kaka ni kupe. Herufi ndogo zote, bila nafasi. Halafu saba saba."

"Kaka ni nani?"

"Kupe, dada. Yule wa ng'ombe."

Nyuma yake mwalimu wa michezo alikohoa kwenye daftari. Upande wa pili herufi zikasikika zikibofywa moja moja. Kisha dada akasema, "Imekubali," akakata.

Hakuruhusiwa kuondoka. Alisimama pembeni ya meza hadi saa tano kasorobo, akibadilisha mguu, ndipo simu ilipoita. Dada alikuwa amewahi, amejibu yote, na wamemtaka Jumatatu alete vyeti.

"Shikamoo yangu mfikishie mwalimu," aliongeza. "Wewe tutaonana nyumbani."

Mwalimu wa zamu alichukua simu yake.

"Ukifunga mlango kumkomoa mmoja, na usiogombana nao hulala nje," alisema. "Kama ulionewa, ungewaambia wazazi. Na sikiliza hesabu hii: uongo wa tumbo umekula dakika ishirini na tano za dada yako. Ukweli umetumia mbili. Siku nyingine anza na ukweli, hata kama una kupe ndani yake."

Mtaalamu aliapa kwamba pale, kwa mara ya kwanza, alimwona akitabasamu.