Pikipiki Isiyotoa Moshi

Kila Jumamosi, akishamaliza kufagia uwanja na kuosha vyombo, Ottilia alivaa gauni lake la zamani lenye madoa ya grisi akamfuata baba yake gereji. Gereji yenyewe ilikuwa kibanda cha mabati kando ya barabara, Mbinga mjini. Mlangoni palitundikwa kibao cha maandishi mekundu: FUNDI PANKRAS, PIKIPIKI NA BAISKELI. Ottilia alikuwa na miaka kumi na mitatu, darasa la sita. Hakuwa msemaji sana, lakini jicho lake halikupitwa na kitu. Baba yake akinyoosha mkono tu, yeye alikwishajua kama anataka spana namba kumi au bisibisi.

Kwa muda mrefu kazi kubwa pale gereji ilikuwa moja: pikipiki ya Bwana Festo, bwana afya. Ilikuwa pikipiki ndogo ya kupita barabarani na porini, ya aina ile inayotumia petroli iliyochanganywa na oili. Bwana Festo aliitumia kupeleka chanjo vijiji vya mwambao wa Ziwa Nyasa. Tambarare ilikwenda vizuri. Ikifika milima ya Maguu, na sanduku la barafu la kuhifadhia chanjo limefungwa nyuma, ilikohoa, ikazima, naye akashuka akaisukuma kwa jasho. Mwezi wa pili barafu iliyeyuka njiani na chanjo zote zikamwagwa. Akina mama waliokuwa wamesubiri tangu alfajiri, watoto mgongoni, wakarudi makwao bila kitu.

"Fundi, hii inahitaji kuongezewa kifua," Bwana Festo alisema siku alipoileta.

"Kifua itapata," Pankras alijibu.

Zamani ahadi kama hiyo ingekuwa ya bure. Pistoni ilihitaji kibali cha serikali, na ukisubiri kibali unasahau hata ulichokuwa unasubiri. Lakini miaka hiyo biashara ilikuwa imefunguliwa. Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameanza kufika Mbinga na magari yao, na vipuri viliuzwa madukani waziwazi. Hata hivyo, pistoni kubwa kuliko ile ya kwanza ilitafutwa Songea ikakosekana, Njombe ikakosekana, mpaka dereva wa lori akaileta kutoka Mbeya baada ya miezi mitatu. Ilikuwa moja tu.

Pankras alipeleka silinda Songea ikakerezwa ili pistoni hiyo ienee. Kisha akapanua matundu ya silinda kwa tupa ndogo, polepole, huku Ottilia akimshikia tochi. Akafunga kabureta kubwa zaidi, na gurudumu la nyuma akaliwekea sproketi yenye meno mengi. Mafundi wenzake walimcheka. "Pankras anataka punda aitwe farasi!" walisema. Yeye akaendelea kupiga tupa.

Jumamosi ya kuijaribu ilipofika, watu walijaa mbele ya gereji kama siku ya gulio.

"Mama," Pankras alimwita binti yake, maana Ottilia alikuwa na jina la bibi yake, "changanya petroli. Injini hii ni ngeni, inataka oili nyingi. Lita tano, robo lita ya oili."

"Ndiyo, baba."

Ottilia alipima petroli lita tano katika kidumu. Alipogeuka kuchukua oili, akamwona Alphonce, mwanafunzi mwenzake, amesimama na wavulana wawili.

"Fundi wa kike!" Alphonce alipiga kelele. "Angalia usije ukatia mchuzi wa maharage!"

Wenzake wakaangua kicheko. Ottilia akaacha kidumu, akaenda kumjibu. "Mchuzi wa maharage unaujua wewe, maana daftari lako la hesabu limejaa huo huo!" Sasa wenzake wakamcheka Alphonce mwenyewe, naye na Ottilia wakabishana wee. Mara akasikia sauti ya baba yake.

"Ottilia, umechanganya?"

Bwana Festo alikuwa kando yake akimtazama kwa tabasamu. "Huyu ndiye fundi msaidizi, eti?"

"Shikamoo," Ottilia alisema. Kusema mbele ya mgeni kwamba alikuwa kwenye mabishano aliona aibu. "Tayari, baba."

Alidhani atawahi kuitia ile oili. Lakini Pankras hakuwa na desturi ya kurudia kukagua kazi aliyompa Ottilia. Alikinyanyua kidumu mwenyewe, akamimina chote kwenye tangi, akapanda, akapiga kiki.

Injini ikaitika kwa kiki ya kwanza. Ikanguruma kwa sauti nzito ambayo pikipiki ile haikuwahi kuwa nayo. Watu wakapiga makofi. Ikatoa moshi kidogo wa rangi ya samawati, ukapungua, ukaisha kabisa.

"Tazameni!" alisema mzee mmoja, Mzee Tarsisi. "Haitoi hata moshi! Pankras ametengeneza gari!"

Makofi yakaongezeka. Pankras akacheka, akatia gia, akaelekea mlimani.

Ottilia peke yake hakupiga makofi. Alijua. Moshi ule wa kwanza ulikuwa wa oili ambayo baba aliipaka kwenye pistoni wakati wa kuifunga. Sasa ilikuwa imeungua yote. Pikipiki ya aina ile hutoa moshi kwa sababu ya oili iliyomo kwenye petroli. Isipotoa, ndani chuma kinasuguana na chuma kikavu. Katikati ya mlima pistoni ingekwama, na hakukuwa na nyingine.

Angeweza kunyamaza. Watu wangesema pistoni ya Mbeya ilikuwa mbovu, au Pankras alijitia ujuzi asio nao. Hilo la pili ndilo lililomchoma. Akakimbia akapita watu, akakata kona ya mlima, akatokea mbele ya pikipiki mikono juu.

"Zima! Baba, zima injini!"

Pankras akazima. Watu wakafika wakihema.

"Petroli haina oili," Ottilia alisema. Kila mtu alimsikia. "Nilisema tayari, kumbe sikuwa nimetia. Nilikudanganya, baba."

"Nilisema mimi!" Alphonce alidakia, lakini hakuna aliyecheka.

Pankras akashuka. Waliisukuma pikipiki hadi gereji. Ilipokwisha kupoa, alifungua bomba la moshi, akamulika tochi kwenye tundu ambamo pistoni huonekana. Akatazama kwa muda, kisha akampa Ottilia tochi. "Tazama. Niambie unaona nini."

Ottilia aliinama. Pistoni ilikuwa inang'aa, nyororo. "Hakuna mchubuko, baba. Hata mmoja."

"Dakika mbili zaidi ungeiona imechubuka yote. Haya, mwaga petroli yote. Kachanganye."

Alichanganya mbele ya watu wote, akapima oili mara mbili, akatikisa kidumu mpaka mikono ikauma. Pikipiki ikawaka ikitoa moshi wake, ikapanda mlima polepole kama injini mpya inavyotakiwa, bila kukohoa.

Wiki tatu baadaye, injini ilipokwisha kuzoea, Bwana Festo alirudi kutoka Mbamba Bay, kule ziwani. Alisimama gerejini akafungua sanduku lake. Ndani yake bado kulikuwa na vipande vya barafu, na pembeni alikuwa amefunga furushi la usipa wakavu, wale dagaa wa ziwani.

"Nimepanda na kushuka milima yote bila kuisukuma hata hatua moja," alisema. "Watoto mia moja na arobaini wamechanjwa. Usipa hawa ni wa fundi msaidizi."

Alipoondoka, Pankras alifuta mikono yake kwa kitambaa. "Mama, siku ile ulinitia aibu kwa nusu saa. Ungenyamaza, ningekaa na aibu hiyo miaka. Kukosea, hata mimi niliwahi kufunga pistoni kinyume. Lakini usiseme tayari kwa kitu ambacho hakiko tayari. Na ukishasema, ukaona umekosea, sema upesi, hata kama watu wote wanapiga makofi. Mtu wa namna hiyo naweza kumwachia kazi."

Akavaa koti lake, akaning'iniza funguo za sanduku la spana kwenye msumari mbele ya Ottilia, akaondoka kwenda Matiri kutazama pikipiki ya mteja.

Haikupita muda, Alphonce akafika akisukuma baiskeli ya baba yake, gurudumu la nyuma limelala chapa bila upepo. Akachungulia ndani.

"Fundi yupo?"

Ottilia akashusha funguo.

"Yupo," akasema. "Ingiza."