Rabia Ahama Barabarani

Kila alfajiri Rabia aliwasha moto mbele ya nyumba yake mjini Nachingwea, akakaanga maandazi. Nyumba ilikuwa kando kabisa ya barabara kuu. Malori yaliyobeba vibarua wa mashamba ya karanga yalisimama hapo, na vibarua walinunua maandazi bila hata kushuka. Mumewe, Isihaka, alikunywa uji, akachukua baiskeli yake na kwenda karakana ya matrekta alikofanya kazi. Mdogo wake Rabia, kijana Amiri, hakula kitu. Yeye alikaza kaptula yake, akarukaruka kidogo uani, kisha akatoka mbio.

Hakuna mtu aliyekuwa akimfukuza. Amiri alikimbia kwa sababu alipenda kukimbia. Tangu wakiwa kwao Ruangwa, upande wa Namungo, ukimtuma chumvi dukani alirudi kabla sufuria haijachemka. Sasa alikuwa amechaguliwa kwenda kushindana mbio huko Lindi, na kila asubuhi alijizoeza.

"Ukifika Lindi, usipitilize ukaingia baharini," Isihaka alimtania.

"Nikiingia, shemeji, utanitoa kwa baiskeli yako," Amiri alijibu.

Rabia ndiye aliyemlea Amiri tangu mama yao alipofariki. Tena kwa Wamwera, kabila lao, mjomba ni mtu mkubwa. Sofia, binti wa Rabia, akikataliwa jambo na baba yake, alikwenda moja kwa moja kwa Mjomba Amiri. Mjomba akikubali, shauri limekwisha.

Sasa nieleze walivyofika hapo barabarani, maana hapo ndipo palipoanzia msiba.

Walipohamia Nachingwea mwaka 1949 walikaa kwanza kwa ndugu, wakitafuta kiwanja. Isihaka hakuwa na nafasi ya kuzunguka siku za kazi. Kwa hiyo walikwenda kutazama viwanja siku ya Idd. Walivaa nguo mpya, wakamfuata jumbe, mkuu wa mtaa, naye akawaonyesha kiwanja kando ya barabara kuu.

Lo, kilikuwa kizuri. Barabara ilikuwa pana, imenyooka, haina mashimo. Siku hiyo madereva walikuwa makwao wakila pilau, na hapakuwa na lori hata moja. Isihaka alimpakia Sofia kwenye keria ya baiskeli, akaenda naye na kurudi, mtoto akicheka njia nzima. Amiri alivua kanzu yake mpya, akamkabidhi dada yake, akakimbia mpaka akawa mdogo kwa mbali. Alirudi anahema na kufurahi.

"Dada, hapahapa," alisema. "Kama kuna mahali pa mtu wa mbio na mtu wa baiskeli, ni hapa."

Rabia naye aliona wapita njia wengi, akafikiri juu ya maandazi yake. "Basi tuchukue hapa," alisema. Wakachukua.

Walijenga kwa miti, fito na udongo. Amiri ndiye aliyekanyaga udongo, na ndiye aliyekandika ukuta wa mbele. Alipomaliza, alibandika kiganja chake kwenye udongo mbichi kando ya mlango, alama ikabaki.

"Umechafua ukuta wangu," Rabia alisema.

"Siku nikiwa Lindi, utanisalimia hapo," alisema Amiri.

Malori yalikuwa yamerudi mara Idd ilipopita, wakati kiwanja wamekwisha kukichukua. Yalianza kupita kabla ya jua kutoka, moja baada ya jingine. Kiangazi kilikuwa kikali, na kila lori lilivuta nyuma yake vumbi jekundu zito. Isihaka alirudi nyumbani nyusi zimekuwa nyekundu. Jioni moja alisema lori limemsukumia mtaroni, na gurudumu la baiskeli limepinda.

"Ulikuwa unaota njiani," Rabia alimcheka. "Tutazoea tu, baba Sofia." Na maandazi yalikuwa yakiisha kila siku.

Asubuhi moja ya mwezi wa Septemba Amiri alitoka mbio kama kawaida. Lori lilikuja kwa nyuma. Alilisikia, akasogea majanini, akalipisha. Lilipopita, akarudi barabarani. Hakuona kwamba lori la pili lilikuwa linalifuata la kwanza, ndani ya vumbi lilelile. Dereva naye hakumwona.

Rabia alisikia watu wakiita. Alikimbia na mwiko mkononi. Alimkuta mdogo wake amelala kando ya barabara, na dereva amekaa chini karibu naye, analia, akirudia kusema kwamba hakuona, jamani, hakuona. Amiri hakufika hospitali akiwa hai. Alizikwa alasiri ile, na Rabia hakuwa na machozi, alikuwa na baridi tu mwili mzima katika jua lile.

Katika waliokuja kuhani msiba alikuwapo Bwana Anselmo. Alikuwa jirani yao, Mkristo, mtu mzima, na kazi yake ilikuwa utarishi wa boma la serikali. Miaka yote alikuwa akizunguka mji mzima kwa baiskeli kupeleka barua. Siku za msiba alitoa pole tu. Alileta kuni, akakaa na wanaume. Matanga yalipokwisha, alirudi akaketi barazani na Isihaka na Rabia.

"Mama Sofia, nitasema jambo, nawe ukiona halifai unifukuze," alianza. "Mhame hapa."

Rabia alitazama kile kiganja ukutani. "Kaka Anselmo, mimi sihami."

"Mumeo anapita njia ileile kila alfajiri."

"Ni mimi niliyesema tuchukue hapa," Rabia alisema. "Mimi nilitaka kuuza maandazi. Sasa nimwache peke yake, niende kutafuta mahali pazuri pa kukaa?"

Anselmo alimpa Isihaka mkono, akaenda zake.

Basi waliendelea kukaa. Rabia aliacha kukaanga maandazi. Kila Isihaka alipoondoka na baiskeli, Rabia alihesabu malori yaliyopita mpaka jioni aliposikia kengele yake. Hata hivyo hakuhama. Usiniulize kwa nini. Mtu mwenye huzuni anaweza kukaa juu ya kaa la moto na asiondoke.

Siku moja alikuwa akipepeta mtama mbele ya nyumba. Sofia alikuwa upande wa pili wa barabara, kwa rafiki yake. Mtoto huyu alikuwa na miguu ya mjomba wake, hakujua kutembea. Lori likaja. Sofia alisimama kando, akangoja kwa adabu kama alivyofundishwa. Lori likapita. Mtoto akaingia mbio ndani ya vumbi.

Rabia alitupa ungo. Alipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Sofia alitoka ndani ya vumbi upande wa huku, mzima, ameshtuka, akiuliza, "Mama, nimefanya nini?"

Siku hiyo hapakuwa na lori la pili. Rabia alimkumbatia mtoto, akalia machozi yote ambayo hakuyalia siku ya mazishi. Jioni alimwambia mumewe, "Baba Sofia, kamwite Bwana Anselmo."

Anselmo alikuja na baiskeli yake, akaiegemeza ukutani.

"Kosa letu ni lipi?" Rabia alimwuliza. "Tuliitazama barabara hii. Tuliipita kwenda na kurudi."

"Mliitazama siku gani?"

"Siku ya Idd."

"Siku ya Idd hata mimi ningeipenda," Anselmo alisema kwa upole. "Mama Sofia, wengi wanafanya hivyo. Mtu anatazama kiwanja siku ya mapumziko, kwa sababu ndiyo siku aliyo na nafasi. Lakini mumeo hataendesha baiskeli siku ya mapumziko. Ataendesha siku ya kazi, alfajiri. Basi ukitaka kujua kama mahali panakufaa, nenda siku ya kazi, saa ileile, uanzie kiwanjani mpaka kazini. Usifikirie tu. Uipite njia mwenyewe."

"Kwa hiyo tusikae tena karibu na barabara?" Isihaka aliuliza.

"Barabara mtaihitaji. Ila msiwe na njia hiyo moja tu. Tafuteni mtaa wenye njia ya watu na baiskeli, njia ambayo lori haliwezi kuingia. Iwe na upana wa watu wawili kupishana. Majani yasiwe marefu kando yake, alfajiri kuna giza na kuna wanyama. Mtazame na chini pia. Mchanga ukiwa mwingi, tairi linazama, na Sofia na mbio zake atateguka kifundo. Udongo mweusi sasa ni mgumu, lakini masika utakunata mpaka ubebe baiskeli begani."

"Masika bado mbali. Tutajuaje?" Rabia aliuliza.

"Waulizeni wanawake wanaokwenda kisimani. Wao wanapita mvua na jua. Jumbe atakwambia kiwanja chake ni kizuri, lakini ndoo ya maji haibebi yeye."

Rabia alitabasamu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Septemba. Kisha Anselmo akasema kwa uzito.

"Na hili mfundisheni mtoto, popote mtakapokaa. Lori likipita, asiingie barabarani mpaka vumbi litue na aone mbali pande zote mbili. Lori la kwanza linalificha la pili."

Isihaka aliomba ruhusa kazini. Kwa siku kadhaa, alfajiri, alimpakia Rabia kwenye keria wakaenda kutazama mitaa. Mara ya kwanza Rabia alipopanda, alishika shati la mumewe kwa nguvu hata kifungo kikang'oka. Isihaka aliendesha taratibu.

Walitazama kwanza mtaa wa Bondeni. Kulikuwa tambarare na malori hayakufika. Isihaka alikuwa tayari kukubali. Rabia aliteremka, akawafuata wanawake kisimani.

"Masika mnapitaje hapa?" aliwauliza.

Mama mmoja alicheka, akavuta kanga yake mpaka magotini. "Tunapita hivi, mwenzangu. Baiskeli ya mume wangu inalala kwa shangazi yake mpaka mvua ziishe."

Basi Bondeni wakakuacha. Mtaa wa pili ulikuwa na mchanga mwingi, na Isihaka alianguka mara tu alipokata kona. Wa tatu ulikuwa Mikoroshoni, nyuma ya mji. Kutoka hapo kulikuwa na njia ya zamani ya miguu iliyopita katikati ya mikorosho, ikavuka kijito kwa daraja la magogo, ikatokea nyuma ya karakana. Shule nayo ilikuwa upande huohuo. Ardhi yake ilikuwa nyekundu na ngumu. Lile daraja lilikuwa jembamba, lori lisingeweza kupita. Njiani walikutana na watu wengi wanaokwenda kazini, kwa miguu na kwa baiskeli, wakisalimiana. Wanawake wa hapo walisema maji ya mvua hutiririka yakaenda zake.

Rabia alisimama darajani, akasikiliza. Alisikia watu wakizungumza, na baiskeli za mbele zikigonga magogo. Aliona jinsi njia ilivyonyooka baada ya daraja, imetandikwa majani makavu ya mikorosho, na akajua nani angeipenda.

"Angeweza kukimbia hapa," alisema. "Tungeitazama barabara ile siku ya kazi, tungekuja hapa."

"Ndiyo," Isihaka alisema. Naye alikuwa analia.

Hapa hapakuwa na biashara ya maandazi. Rabia alijua, na alichukua kiwanja.

Walihama kabla ya mvua. Mlango waling'oa, na miti iliyokuwa mizima, wakavisomba kwa mkokoteni wa kuazima, Anselmo akiwasaidia. Ukabaki ukuta wa mbele. Rabia alisimama mbele ya kile kiganja asiweze kwenda. Isihaka alijaribu kukichonga kwa panga akitoe kizima, lakini udongo ulikuwa mkavu, ukapasuka, ukaanguka chini vipandevipande.

Rabia aliinama, akaanza kuviokota na kuvitia kapuni.

"Kaka Anselmo," aliuliza, "udongo wa zamani ukilowekwa, unakandika tena?"

"Unakandika vizuri sana," Anselmo alisema. "Tena haupasuki upesi kama mpya."

Basi waliubomoa ukuta wote alioukandika Amiri. Isihaka na Anselmo waliubeba kwa makapu kwenye keria za baiskeli zao, wakipita daraja la magogo, safari baada ya safari. Mikoroshoni Rabia aliumwagia udongo ule maji akauacha ulale. Kesho yake alikunja kanga yake, akaukanyaga kwa miguu yake mwenyewe, kama mdogo wake alivyoukanyaga. Kiganja kilipotelea ndani ya tope. Alikiona kinapotea, akaendelea kukanyaga. Kwa udongo huo wakakandika nyumba mpya.

Sasa Isihaka huenda kazini na kurudi na nyusi zake nyeusi. Rabia hukaanga maandazi machache, akayapeleka sokoni kichwani. Fedha imepungua, na hilo hawalifichi. Lakini Rabia hahesabu tena malori. Na mtu akihamia mjini na kuuliza habari za viwanja, Rabia humwuliza anakwendaje kazini, kwa miguu au kwa baiskeli, kisha humwambia, "Usiende kutazama siku ya Idd."

Sofia ameanza shule. Hakuna aliyeweza kumfundisha kutembea, kwa hiyo huenda mbio. Rabia husimama mlangoni, ameweka mkono ukutani, mahali popote tu, maana hajui kiganja kile kiko upande gani. Husikiliza hatua za mtoto zikigonga njia, zikipita juu ya magogo, zikiishia kwenye mikorosho. Saa za mchana huzisikia zikirudi.