Fungu la Memori la Dada

Jua lilikuwa linazama Mdogo alipopigiwa simu arudi kazini. Kompyuta ya hospitali ilikuwa imelemewa. Akambeba mtoto mgongoni, akatoka hivyo hivyo na nguo za nyumbani. Mlinzi wa geti hakumuuliza kitambulisho. Alimfunika mtoto kichwa vizuri, akasema, "Upepo huu, mama, si wa kuchezea."

Jina la Mdogo lilitokana na dada yake, aliyezoea kumwita 'mdogo wangu'. Dada ndiye aliyekuwa fundi wa mashine ile, ndiye aliyemfundisha kazi, na ndiye aliyemzaa huyo mtoto. Alimzaa, akamtazama, akafumba macho. Mdogo akamchukua kuwa wake.

Chumba cha kompyuta kilikuwa na baridi yake ya siku zote. Mashine yenyewe ni kama kabati fupi jeusi, lakini hospitali nzima inaitegemea. Famasi ina kitengo chake humo ndani, maabara chake, mapokezi chao. Wote wanakula memori ya fungu moja la pamoja, na mashine ndiyo inayogawa: aliyetulia anapunguziwa, anayehangaika anaongezewa.

Simu ikalia. Ni mfamasia, mzee waliyempachika jina la Babu Chungu kwa ajili ya dawa zake.

"Mwanangu, umefika? Kuna mtoto wodini ana degedege na skrini yangu imeganda. Sioni amekwisha kupewa dawa gani. Nikikisia, naweza kumuua."

"Nimefika, Babu. Nivumilie kidogo."

"Na huyo mjukuu wangu, umemvalisha soksi?"

"Nimemvalisha, Babu."

"Haya. Fanya haraka."

Mdogo akafungua ukurasa wa mafungu. Akashika mdomo.

Famasi ilikuwa imebakiwa na memori kiduchu, kazi zinaingia na kutoka bila kukamilika. Maabara vilevile. Karibu memori yote ilikuwa imekwenda kwenye fungu la kitengo cha majaribio...

La dada.

Alikuwa akijaribia humo programu zake, na hakuna aliyeligusa tangu msiba. Fundi mwingine angelifuta mara moja. Mdogo alikuwa amejaribu, kidole kikakataa. Badala yake aliliwekea kiwango cha chini, ili mashine isije ikalimaliza lote. Kiwango cha juu hakukiweka. Angehangaika nacho ya nini, kwa kitengo kisicho na mtu?

Akatazama ni kazi gani inayokula namna ile. Ilikuwa moja tu. Jina la dada. Inaendelea.

Harufu ikaja. Sabuni ya wodini. Maziwa. Na chini yake... damu.

Kwenye meza ya kona, ambayo haikaliwi na mtu, kibodi ikaanza kubonyea yenyewe.

Tak... tak... tak...

Ujumbe ukatokea mbele ya Mdogo.

*Mdogo wangu. Ameota meno?*

Machozi yalimtoka kabla ya woga. "Mawili, dada," alinong'ona. "Ya chini."

*Mlete huku. Nimpakate.*

Mtoto akaamka mgongoni. Hakulia. Alikuwa anaitazama kona.

Kwenye skrini, fungu la dada likapanda tena. La famasi likashuka. Hapo Mdogo akaelewa. Kila neno dada alilosema, pumzi yake ilitoka kwa yule mtoto wa wodini.

Dada aliyemjua alikuwa akimwachia mgonjwa blanketi lake na kurudi nyumbani anatetemeka. Huyu alikuwa yeye? Au ni kitu kilichojifunza kuandika kama yeye?

"Dada, kuna mtoto anakufa," alinong'ona. "Ana mama yake, amekaa pale kitandani."

Kibodi ikatulia. Kisha, polepole sana...

*Na mimi je?*

Mdogo aliangua kilio. Akiwa analia hivyo hivyo, akaandika sifuri kwenye kiwango cha chini, akakifunga kitengo, akaiagiza memori yote irudi kwenye fungu la pamoja.

"Nisamehe," akasema. Akabonyeza.

Kona ikanyamaza.

Simu ikalia. "Imefunguka!" Babu Chungu alikuwa anahema kama aliyekimbia. "Muuguzi ameshaondoka na dawa. Mtoto atapona, mwanangu, ubarikiwe!" Kisha akapunguza sauti. "Ila kuna mtu ananiandikia kwenye skrini. Maabara wanasema na kwao yupo. Mapokezi pia."

"Anasema nini, Babu?"

"Anakuulizia wewe. Anasema ana maziwa ya mtoto, ila hajui mko chumba gani."

Mdogo akautazama tena ukurasa wa mafungu: jina la dada lilikuwa kwenye kila kitengo. Hakuwa amemwondoa. Alikuwa amemgawa hospitali nzima.

"Babu... umemjibu?"

"Mtu mwenyewe anaandika kwa unyenyekevu, ningemnyamaziaje?" alisema mzee kwa upole. "Nimemwelekeza. Kwani nimekosea?"

Mdogo akageukia mlango. Koridoni kulikuwa na mlio wa kandambili.

Shap... shap... shap...

Mwendo wa mtu anayejikokota, kama aliyetoka kujifungua sasa hivi. Ukaja, ukaja, ukasimama mlangoni. Mtoto akanyoosha mikono na kucheka, kicheko ambacho Mdogo hakuwahi kupewa.

Akajiambia asifungue. Akajiambia tena. Lakini alikuwa na hamu na dada yake, hamu iliyomuumiza kifua, na mkono ulikuwa umekwisha kushika kitasa.