Digrii ya Kufunika Uongo wa Posa Yangu

Kosa langu la kwanza lilikuwa kunyamaza. Ndugu wasomaji, mengine yote yalizaliwa hapo.

Nina miaka thelathini na moja, mzaliwa wa Tanga, naishi Walthamstow, hapa London. Kompyuta nilijifunza mwenyewe, kwa kufungua zilizokufa na kuzifunga tena hadi ziwake. Cheti sikuwa nacho hata kimoja, lakini kazi nilikuwa nayo: fundi wa kompyuta kwa Mzee Jayanti, Mhindi wa Mombasa mwenye ofisi yake Harrow.

Nikampenda Rukia, muuguzi wa Tottenham. Nikamtuma Mjomba Shaaban, rafiki wa marehemu baba, anipelekee posa. Alirudi anacheka.

"Umekubaliwa! Ila nimekupamba kidogo. Nimewaambia una digrii."

"Mjomba! Digrii gani?"

"Ah, posa bila chumvi italika?"

Ningemwomba arudi palepale akasahihishe. Sikumwomba... Mimi, mtu wa kusoma ujumbe tena na tena kabla sijautuma, niliuacha uongo ule uende na jina langu!

Nikaona njia moja tu: kuufanya uongo uwe kweli. Nikajiandikisha chuo cha gharama kubwa, kwa mkopo. Rukia nikamwambia naongeza shahada ya pili. Nikajifariji kwamba hata kazi itapanda, kwa hiyo kuna hasara gani?

Tangu siku hiyo sikuwa na raha. Kaka yake aliponiuliza nilisoma chuo gani Tanzania, niliona mtego. Rukia akicheka kwenye simu, nilijiuliza: ananicheka mimi? Mama yake akinikaribisha chai kwa upole, nilijiuliza: upole huu wa nini? Harusi nikaiahirisha. Nikaiahirisha tena. Kila mara Rukia aliniuliza taratibu, "Huna la kuniambia?" Nami nikadhani amepata mwingine, anatafuta sababu ya kuniacha!

Hatimaye nikahitimu. Nikampelekea Mzee Jayanti cheti. Alikisoma chote, akanipa mkono.

"Hongera sana, bwana! Haya, nenda juu, printa ya mhasibu imekwama tena."

Nikasema moyoni, huyu ananibania. Nikaomba kazi kwingine. Kwenye kila usaili waliniuliza nimewahi kutengeneza nini, nami nikajikuta nawaeleza ya Harrow, ya miaka ile kabla ya chuo. Cheti hakuna aliyekigusa. Mishahara waliyotaja haikupita ule niliokuwa nao.

Jumapili moja nikafika kwa kina Rukia na hasira zangu zote. Nikamkuta anaongea kwa simu na daktari wa kazini kwake. Nikalipuka, mbele ya mama yake! Nikamwita mwongo. Nikasema amempata daktari, ndiyo maana digrii yangu haimtoshi.

Rukia hakupandisha sauti.

"Najua tangu wiki ya posa kwamba hukuwa nayo. Mjomba Shaaban alirudi mwenyewe kumwomba baba radhi. Baba akacheka, akasema fundi ni fundi. Nilikuwa nangoja uniambie wewe."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nimekuuliza mara ngapi, Bakari? La digrii ningekusamehe. Lakini leo umenivunjia heshima mbele ya mama."

Mama yake alikiondoa kikombe changu mezani, chai ikiwa bado imejaa... Nikainuka.

Wiki iliyofuata Mjomba alirudishiwa pete ya uchumba. Alinitazama kwa huruma. "Nilidhani Rukia amekwambia. Na wewe, kwa nini hukuniuliza kama nilirudi kusahihisha?"

Niliwashuku watu wote, na swali moja sikumwuliza mtu yeyote!

Vijana wenzangu, sisemi digrii ni mbaya. Rukia bila digrii yake asingeruhusiwa kumgusa mgonjwa. Lakini kabla hujakopa, jiulize: kazi ninayoitaka inaidai kweli, au natafuta nguo ya kujifichia? Nawasihi, msipite nilikopita mimi!

Bado nafanya kazi kwa Mzee Jayanti, kwenye kiti kilekile. Rukia ameshaolewa. Siku hizi mtu akinisifia kwa kitu nisichonacho, namkatiza palepale, hata mbele za watu.